Nani Aliyeona? Rekodi za Askari Waliojitoa kwa Ajili ya Wenzao

Novemba 2018, msituni karibu na Beni, mashariki ya Kongo. Wanajeshi wa Umoja wa Mataifa walikuwa wameingia kuwang'oa waasi wa ADF kwenye ngome yao. Risasi zikazidi, ikabidi warudi nyuma wakajipange upya. Katika kurudi huko koplo mmoja wa Tanzania akaanguka, ameumia vibaya, hawezi kwenda wala kujikinga, na adui hajaacha kupiga. Chancy Chitete, praiveti wa jeshi la Malawi, akamwona. Akamfuata, akamburuta hadi penye kinga, akaanza kumpa huduma ya kwanza. Akiwa katika kazi hiyo ndipo naye alipopigwa. Wote wawili walitolewa hadi Mavivi, ulipo uwanja wa ndege wa Beni. Koplo alipona. Chitete alikufa.

Mei 2019 huko New York, Katibu Mkuu António Guterres aliikabidhi familia ya Chitete Nishani ya Kapteni Mbaye Diagne ya Ujasiri wa Kipekee. Hakuna nishani ya ulinzi wa amani iliyo juu yake, na ni adimu kwelikweli. Ilianzishwa mwaka 2014, na hadi siku ile ilikuwa imetolewa mara moja tu.

Katika operesheni hiyo ya Beni walikufa Wamalawi 6 na Mtanzania 1. Brigedi yao, iliyoundwa mwaka 2013 kwa askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi na kuongozwa kwanza na Brigedia Jenerali James Mwakibolwa wa Tanzania, ina rekodi yake yenyewe: ndiyo ya kwanza kupewa ruhusa na Baraza la Usalama ya kumfuata adui aliko, badala ya kukaa kambini kumsubiri aje. Ruhusa hiyo ililipiwa. Tarehe 7 Desemba 2017 kambi ya Watanzania ya Semuliki ilivamiwa usiku, wakauawa si chini ya 14 na makumi wakajeruhiwa. Guterres aliliita shambulio baya kuliko yote kuwapata walinda amani wa Umoja huo katika historia ya karibuni. Kwa hiyo Chitete alipomrudia yule koplo, mwaka ulikuwa haujatimia tangu Watanzania wapitie Semuliki, na kila aliyekuwa msituni alijua fika adui huyo ni wa namna gani.

Nimekuwa nikikusanya rekodi za aina hii kwa muda. Vitabu vya rekodi hupenda kuhesabu waliouawa: mlenga shabaha fulani watu kadhaa, rubani fulani ndege kadhaa. Hesabu hiyo ni nyepesi, maana muuaji mwenyewe anaweza kuiweka. Waliookolewa ni kazi kuwahesabu. Lazima awepo mtu aliyeona, abaki hai, kisha apatikane wa kumsikiliza. Likikosekana moja kati ya hayo, rekodi haipo, hata kama tendo lilifanyika mchana kweupe. Waua watu nimewaacha kando. Hawa hapa ni wale wengine.

Kapteni aliyevuka vizuizi

Mbaye Diagne, ambaye nishani ile ina jina lake, alikuwa mwanajeshi wa Senegal na mwangalizi wa Umoja wa Mataifa huko Kigali mwaka 1994. Waangalizi hawakubeba silaha. Waziri Mkuu Agathe Uwilingiyimana alipouawa asubuhi ya tarehe 7 Aprili, watoto wake walikuwa wamejificha, na Diagne ndiye aliyewatoa kwa gari hadi hoteli ya Mille Collines. Akaendelea hivyo kwa wiki kadhaa. Alibeba watu wachache kila safari, akapita kwenye vizuizi ambavyo wenye mapanga walikuwa wakiviita vyao, na mali yake yote ikiwa ni mzaha, tabasamu na sigara za kugawa. Idadi ya aliowaokoa hutajwa kuwa mamia. Tarehe 31 Mei kombora la mota lilianguka karibu na gari lake akiwa kwenye kizuizi, likamuua. Alikuwa na miaka 36.

Mtu anaweza kuniambia kwamba Diagne aliokoa raia, wala si askari wenzake. Ni kweli. Nimemweka hapa kwa sababu bila yeye Chitete asingekuwa na nishani ya kupewa. Baada ya Diagne mwenyewe na Chitete, wa tatu kuipata alikuwa Kapteni Abdelrazakh Hamit Bahar wa Chad, mwaka 2022, aliyekufa Aguelhok huko Mali baada ya kumwokoa mwenzake aliyejeruhiwa. Waafrika watatu mfululizo. Haishangazi: misheni kubwa za kulinda amani zimekuwa Afrika, na wanaokufa humo wengi ni Waafrika.

Rekodi kongwe kuliko zote

Warumi wa kale walikuwa na taji la majani ya mwaloni, alilovishwa askari aliyemwokoa raia mwenzake vitani. Lilikuwa na sharti moja ambalo mimi nalipenda kuliko taji lenyewe: lazima yule aliyeokolewa akiri mwenyewe kwamba ameokolewa. Jenerali akisema haikutosha, wala wapita njia. Na Warumi walijua kwamba mtu hapendi kukiri jambo hilo, kwa sababu tangu siku hiyo alipaswa kumheshimu mwokozi wake kama baba mzazi.

Anayesemwa kushika rekodi ya mataji hayo ni Lucius Siccius Dentatus, mtu wa karne ya 5 kabla ya Kristo. Waandishi wa Kirumi wanasema alipigana vita 120, akapata mataji 14 ya kuokoa watu, na alikuwa na makovu 45, yote kifuani na hakuna hata moja mgongoni. Makovu hayo kuwa yote ya mbele yananitia shaka kidogo. Katika vita 120 hata shujaa hugeuka kutazama nyuma. Lakini mwisho wa hadithi yake una harufu ya ukweli: hakuuawa na adui, aliuawa kwa hila na watu wa upande wake, kwa amri ya wakubwa aliowasema hadharani.

Madaktari wawili na mfugaji

Tangu nishani ya Victoria Cross ya Uingereza ianzishwe mwaka 1856, watu watatu tu wameipata mara mbili. Msomaji atawawazia wapiganaji wa bunduki. Wawili kati yao walikuwa madaktari.

Wa kwanza, Arthur Martin-Leake, aliipata katika Vita vya Makaburu mwaka 1902, akairudia Ubelgiji mwaka 1914, mara zote mbili kwa kuhudumia majeruhi chini ya risasi. Wa pili ndiye ninayetaka kukaa naye kidogo. Noel Chavasse alikuwa mwana wa askofu wa Liverpool, mmoja wa mapacha, na wote wawili walikimbia mita 400 katika Olimpiki ya London ya 1908. Agosti 1916, huko Guillemont nchini Ufaransa, alishinda kutwa uwanjani akifunga majeraha mbele ya macho ya Wajerumani, na usiku akatafuta majeruhi kwa saa 4 mbele ya mahandaki yao. Kesho yake alimbeba mtu mwenye hali mbaya yapata mita 450, akapigwa kipande cha kombora njiani. Usiku ule ule akachukua watu 20 waliojitolea, akaenda kuwatoa majeruhi 3 kutoka shimo la kombora lililokuwa kama mita 23 tu kutoka handaki la adui. Akakusanya pia vibati vya utambulisho vya maiti, ili huko nyumbani familia zao zijue. Hilo la vibati ndilo linalonionyesha Chavasse alikuwa mtu wa aina gani. Majeruhi unaweza kumfuata kwa sababu analia. Maiti haiiti mtu.

Mwaka mmoja baadaye, karibu na Ypres, alijeruhiwa kichwani siku ya kwanza ya shambulio, akakataa kuondoka, akaendelea na kazi kwa siku 2, mara nyingi akitoka kwenda kuwatafuta waliolala matopeni. Akajeruhiwa tena, safari hii tumboni. Gari la wagonjwa lililompeleka hospitali ya Brandhoek lilikuwa la kikosi kilichoongozwa na Martin-Leake. Kikosi cha mtu wa kwanza kuipata mara mbili kilimbeba mtu wa pili, na huyo wa pili akafariki tarehe 4 Agosti 1917. Jiwe la kaburi lake limechorwa misalaba miwili ya nishani hiyo, na jingine kama hilo halipo.

Wa tatu ni Charles Upham wa New Zealand, mtu wa kondoo, aliyezipata zake Krete mwaka 1941 na Misri mwaka 1942. Watu wa kwao walichanga pauni 10,000 wamnunulie shamba. Akakataa, akaomba fedha hizo zisomeshe watoto wa askari waliopigana. Nimeona wanasiasa wakikabidhiwa vitu vidogo kuliko shamba na wasikatae.

Watu 75 kwa kamba moja

Wasabato wa Afrika Mashariki, wa Pare na Mara, wa Kisii na Nyanza ya Kusini, hawahitaji kusimuliwa habari za Desmond Doss, hasa baada ya filamu iliyotoka mwaka 2016. Ila filamu iliacha jambo moja zuri kuliko mengi iliyoyaonyesha, nami nitalieleza.

Doss alikuwa kijana wa Lynchburg, Virginia. Aliingia jeshini kwa sharti kwamba hatashika silaha, na siku ya Sabato hatafanya kazi isipokuwa kuhudumia wagonjwa. Kambini walimcheka, wakamrushia viatu akisali, na wakubwa walijaribu kumwondoa kwa kisingizio kwamba akili zake si timamu. Mei 1945 kikosi chake kilipanda genge la Maeda katika kisiwa cha Okinawa, sehemu ya juu ikiwa wima kama ukuta, ikipandwa kwa nyavu za kamba. Wajapani wakawafyatulia kila walichokuwa nacho. Waliokuwa na miguu wakashuka. Waliobaki juu ni majeruhi, na Doss.

Akawaburuta mmoja mmoja hadi ukingoni, akawafunga kwa fundo la vitanzi viwili alilojifunza zamani, akawateremsha kwa mikono yake hadi chini kwa wenzao. Ilikuwa Jumamosi. Walipomaliza kuhesabu, jeshi likataka kuandika watu 100. Doss akasema haiwezekani, hawakuzidi 50. Wakakutana katikati, ikaandikwa 75. Sijawahi kukutana na rekodi nyingine ambayo mwenye rekodi ndiye aliyevutia kamba upande wa kupunguza.

Sasa lile filamu ililolipita. Usiku mmoja baada ya hapo guruneti lilimjeruhi miguu. Alijifunga mwenyewe, akasubiri saa 5 hadi wabeba machela walipofika. Njiani vifaru vya adui vikawashambulia, na Doss akamwona majeruhi mwenye hali mbaya kuliko yake. Akajiviringisha kutoka kwenye machela, akawaamuru wambebe yule. Akiwa amelala hapo akisubiri warudi, risasi ikamvunja mkono. Akaokota bunduki, akaifunga kwenye mkono uliovunjika kama banzi, akatambaa karibu mita 275 hadi kituo cha huduma. Hiyo ndiyo kazi pekee aliyowahi kuipa bunduki katika vita vile. Oktoba 1945 Rais Harry Truman wa Marekani alimvisha Nishani ya Heshima, wa kwanza kuipata kati ya waliokataa kubeba silaha kwa ajili ya imani.

Mdogo, na mwanamke

Jack Lucas alidanganya umri akaingia jeshini akiwa na miaka 14. Walipogundua wakamweka kwenye kazi za nyuma, naye akatoroka akajificha ndani ya meli iliyokuwa ikielekea vitani. Tarehe 20 Februari 1945, siku 6 baada ya kutimiza miaka 17, alikuwa handakini Iwo Jima na wenzake 3 yalipotua maguruneti mawili. Alijitupa juu ya moja, akalivuta la pili chini ya mwili wake. Wenzake walidhani amekufa, wakamwacha. Akapona, na zaidi ya vipande 200 vya chuma mwilini. Ndiye mdogo kuliko wote waliopata Nishani ya Heshima katika karne ya 20. Utu uzima ukamkuta bado hajatulia: akajiunga na askari wa miamvuli, siku moja miamvuli yote miwili ikakataa kufunguka, na hata hapo hakufa. Aliaga dunia mwaka 2008.

Audie Murphy naye nitamtaja kwa kuwa kila orodha humtaja: kijana wa miaka 19 aliyewaamuru watu wake warudi msituni, kisha akabaki peke yake juu ya gari la vita linaloungua, akiwazuia Wajerumani kwa karibu saa nzima, Januari 1945 huko Holtzwihr. Baadaye akawa mwigizaji wa Hollywood, akaigiza maisha yake mwenyewe.

Milunka Savić hatajwi vya kutosha. Ndiye mwanamke anayesemwa kuwa na nishani nyingi kuliko wote waliowahi kupigana mstari wa mbele. Serbia ilipowaita vijana katika Vita vya Balkan, alikata nywele, akavaa suruali, akaenda vitani mahali pa kaka yake. Jinsia yake iligunduliwa alipojeruhiwa na kufika mikononi mwa daktari. Alijeruhiwa mara 9. Ufaransa ilimpa nishani zake kubwa, ikamkaribisha akaishi huko kwa pensheni. Akakataa, akachagua kuishi Belgrade, akalea watoto aliowachukua, akawa mfagizi wa benki. Wateja walipita na viatu vyenye tope mbele ya mwanamke ambaye, kwa hesabu ya nishani, angepigiwa saluti na majenerali.

(Kwa kuwa tuko kwenye rekodi, na kwa kuwa mabomu ya ardhini huwaua askari na wakulima bila kubagua: Shirika la PDSA la Uingereza, linalotoa nishani kwa wanyama, lilimpa medali yake ya dhahabu panya mwaka 2020, wa kwanza katika historia ya miaka 77 ya nishani zake. Magawa alizaliwa Morogoro, akafunzwa na shirika la APOPO katika Chuo Kikuu cha Sokoine, akapelekwa Kambodia kunusa mabomu. Tukiwa watoto tulifundishwa kuwatega panya.)

Nishani 11, ukuta mmoja

Rorke's Drift, Natal, tarehe 22 na 23 Januari 1879. Waingereza wapatao 150 walikizuia kikosi cha Wazulu kati ya 3,000 na 4,000 usiku kucha, zikatoka Victoria Cross 11 kwa pambano moja. Kinachonivutia humo ni hospitali. Paa lilikuwa linaungua na vyumba havikuwa na milango ya kupitia ndani, kwa hiyo John Williams akatoboa ukuta wa matofali chumba hadi chumba, akipitisha wagonjwa tunduni, huku Henry Hook akizuia mlango kwa singe hadi mgonjwa wa mwisho alipovutwa. Nje ya ukuta walilala Wazulu zaidi ya 350. Nao walikuwa na wenzao waliorudi kuwavuta majeruhi gizani. Majina 11 tunayo. Ya wale wengine, mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake.

Maktau

Ukipanda treni kutoka Mombasa, Voi ni kituo ambacho wengi hushuka kwenda Taveta au mbugani. Mjini kuna makaburi ya vita, na humo amezikwa mwigizaji wa jukwaani kutoka Melbourne, Wilbur Dartnell. Alikuwa luteni wa kikosi cha 25 cha Royal Fusiliers, kikosi cha ajabu kilichokusanya wawindaji, waigizaji na wazee. Frederick Selous, ambaye jina lake lilipewa pori la akiba lililo kusini mwa Tanzania, aliuawa akiwa na kikosi hicho Beho Beho, Januari 1917, ana miaka 65.

Tarehe 3 Septemba 1915, Maktau, njia ya Voi kwenda Taveta, Waingereza wa farasi walipambana na askari wa Kijerumani waliokuwa wakiivizia reli iliyojengwa kuelekea mpakani. Dartnell alipigwa mguuni. Wenzake walikuwa wakimtoa, lakini majeruhi wengine waliobaki chini hawakuweza kuhamishwa, na adui alikuwa hatua chache tu. Akawaambia wamwache pale. Aliamini akibaki nao huenda akawaokoa. Hakuokoka yeye, lakini Victoria Cross yake ni ya kwanza kutoka katika ardhi ya Kenya, na aliipata kwa kukataa kubebwa.

Nimelitaja kaburi kwa makusudi. Vita hivyo hivyo vilitumia wapagazi wapatao milioni moja upande wa Waingereza, wabeba unga, risasi na majeruhi, na makadirio ya waliokufa, wengi kwa kuhara, malaria na njaa, hukaribia 100,000. Hao walibeba machela kila siku. Kambi yao ya Dar es Salaam, ya Carrier Corps, ndiyo Kariakoo tunayokwenda kununua vitunguu, na Nairobi nao wana Kariokor yao. Ukiondoa majina ya masoko na sanamu chache, mtu mmoja mmoja hana jiwe.

Marehemu aliye hai

Agosti 1940 Waitaliano waliivamia Somalia ya Waingereza. Kapteni Eric Wilson, wa kikosi cha ngamia, aliwekwa na bunduki za rashasha juu ya kilima katika mwanya wa Tug Argan. Kuanzia tarehe 11 hadi 15 mizinga iliwapiga. Wilson alijeruhiwa bega na jicho, miwani yake ikavunjika, na malaria ilikuwa imempanda. Aliendelea kuzikarabati bunduki na kufyatua hadi kilima kilipofurikwa, ili jeshi lililo nyuma yake lipate muda wa kuondoka. Likaondoka. Oktoba gazeti la serikali likatangaza Victoria Cross ya marehemu Kapteni Wilson.

Marehemu alikuwa kwenye kambi ya mateka nchini Eritrea, akishiriki kuchimba shimo la kutorokea. Aliambiwa habari za nishani yake na ofisa mpya aliyeletwa kambini, ambaye alishangaa kumkuta akipumua. Baada ya vita akawa mtawala wa wilaya Tanganyika hadi 1961, akafariki Desemba 2008, ana miaka 96. Kwa kuwa alibaki hai, tunalijua pia jina la sajini Msomali aliyeuawa kando yake juu ya kilima kile: Omar Kujoog.

Kifaru cha tatu

Miezi tisa baada ya Tug Argan, tarehe 19 Mei 1941, batalioni ya 1/6 ya Keya, yaani King's African Rifles, ilivuka mto Billate karibu na Colito, kusini mwa Ethiopia. Batalioni ya 6 ilikuwa ya Tanganyika; miaka 20 baadaye, uhuru ulipokuja, ndiyo iliyogeuzwa kuwa Tanganyika Rifles. Waliokuwa wamevuka hawakuwa na silaha ya kupambana na vifaru. Vifaru vya Waitaliano vikatokea kichakani nyuma yao.

Sajini Nigel Leakey, mzaliwa wa Kenya na binamu wa Louis Leakey wa Olduvai, alikimbilia kifaru kimoja, akapanda juu, akafungua mnara wake, akawaua waliomo isipokuwa dereva, ambaye alimlazimisha kukiendesha hadi penye kinga. Akajaribu mzinga wake, haukufyatuka. Akashuka akaenda kwa miguu katikati ya risasi kuvivizia vingine. Viwili vikampita. Akarukia cha tatu, akafungua mnara, akaua mmoja, na kifaru cha nne kikamwangusha kwa risasi. Mwili wake haukupatikana. Shambulio la vifaru likavunjika, wenzake wakaokoka. Victoria Cross yake ilitangazwa Novemba 1945.

Katika vita vyote viwili vya dunia hakuna askari Mwafrika wa Keya aliyepewa nishani hiyo. Kwa muda mrefu walitengewa nishani yao ya pembeni, yenye jina linalofanana na ya Wazungu lakini yao peke yao. Hata hivyo, mtu aliyeandika taarifa rasmi ya ushujaa wa Leakey alikuwa mwaminifu. Aliandika kwamba aliposhuka kwenye kile kifaru cha kwanza akaenda kuvivizia vingine kwa miguu, hakwenda peke yake. Walifuatana naye watu wawili, uwanja ule ule, risasi zile zile. Taarifa inawataja hivi: sajini meja wa kombania, Mwafrika, na askari mwingine.